Tanuri la Umeme na Vyungu vya Mama

Nakumbuka Jumamosi moja ya masika, wakati wa Mwingereza, nilisimama uani kwangu mjini Arusha nimevaa shati jeupe, mkono juu ya swichi, na majirani wamenizunguka kunitazama. Mwanangu, siku mtu anapotazamwa sana ndiyo siku anapoona kidogo. Keti nikueleze.

Nilikuwa fundi umeme. Aliyeniajiri alikuwa Mhindi mwenye karakana, naye alinipangisha chumba nyuma ya karakana hiyo, ndiyo maana nilikuwa na umeme wakati wenzangu wengi wakiwasha koroboi. Kazi niliijua, sikufichi. Ila kujua kitu kimoja vizuri kuna hatari yake: mtu hudhani amejua na cha jirani.

Mwaka huo mama mmoja wa Kizungu, mwenye shamba la kahawa upande wa Usa River, alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Alizoea kufinyanga vyombo vya udongo kwa kujifurahisha, na alikuwa na tanuri la umeme la kuvichomea. Lilikuwa sanduku kubwa la chuma, ndani limejengwa kwa matofali meupe, na kwenye matofali zimepita nyaya za kutoa joto. Nilimfanyia kazi yake ya umeme, akanilipa tanuri hilo. Lilikuwa kuukuu, nyaya mbili zimekatika na tofali moja lina ufa. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwangu mimi lilikuwa jipya. Siku ya kulichukua alifungua daftari, akaanza kunisomea saa za kuchoma na namna ya kuanza na kifuniko kikiwa wazi. Nikamkatiza, nikasema nafahamu. Sikufahamu. Lakini siku zile kukiri mbele ya Mzungu kwamba hujui kulikuwa ni kumpa ushahidi aliokuwa akiutafuta. Akafunga daftari lake, na wiki iliyofuata akaondoka nalo.

Sasa sikia nilivyolitamani tanuri lile. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, huko kwetu mlimani Meru. Dada yangu Rebeka alikuwa karibu kuolewa, na katika ukoo wetu binti wa mfinyanzi huenda kwa mumewe na vyungu vya mama yake. Mama alikuwa amekwisha kufinyanga vinane. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kujikunja kwa baridi yabisi, akasema waziwazi kwamba hivyo ndivyo vya mwisho. Alivipandisha darini juu ya meko vikauke. Lakini yeye alikuwa akichomea nje, kwa majani makavu ya mgomba na samadi, na mvua ilikuwa haikatiki. Harusi inakuja, jua haliji.

Nikaona hapo ndipo pangu. Nikapanda mlimani kwa lori, nikamwamkia, nikamwambia nina moto usioogopa mvua. Alifurahi kwelikweli. Akasema basi atashuka nami mjini, akae karibu na vyungu vyake. Nikamwambia apumzike tu.

Nitasema kweli, maana umri huu sina wa kumficha: nilimwonea aibu. Sikutaka majirani wamwone mama wa shamba, miguu ina matope, akinielekeza mbele ya mashine yangu. Na kwetu udongo ulikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume hakukaa wanapofinyanga, wala hakuuliza habari zake. Kwa hiyo sikuuliza vyungu vimekaa darini siku ngapi, wala vinapaswa kukaa ngapi. Nikavifunga kwa majani ya mgomba, nikashuka navyo.

Nyaya nilizifunga upya kwa ustadi, hata tajiri yangu alikuja kukagua akaridhika. Nikapanga vyungu, nikafunga kifuniko, nikazungusha swichi mpaka mwisho wake. Niliona ya nini kuanzia chini, na juu kupo. Haikupita saa moja tukasikia mshindo mle ndani, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Kisha mwingine, na mwingine. Nilizima, lakini yalikuwa yamekwisha. Nilipofungua nilikuta magae matupu, na nyaya zangu zimekatwa vipande. Majirani waliondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Magae niliyapeleka mlimani ndani ya gunia. Njia nzima nilikuwa natunga maneno: tanuri bovu, umeme ulizidi, Mzungu kanidanganya. Nikayasema yote. Mama alichagua gae moja nene la kitako, akasugua ubavu wake kwa dole gumba, likamomonyoka. Katikati lilikuwa bado bichi.

“Moto haukukosea,” alisema. “Maji yalikuwa bado ndani ya udongo. Hata mimi huvizungushia moto mdogo kwanza, nusu siku, ndipo nichome. Ungeuliza ningekuambia. Nani alikuziba mdomo?”

Nikasema hakuna.

“Basi vua shati, ukande udongo.”

Nilimkumbusha kwamba mimi mwanamume. Akaniwekea viganja vyake mbele ya macho, vile vidole vilivyojikunja.

“Kazi ya mwisho ya hivi umeivunja. Niazime vyako.”

Nikavua shati. Kila Jumapili baada ya kanisa nilikanda, yeye amekaa kwenye kigoda akisema nene, nyembamba, rudia. Vijana wenzangu walinicheka mpaka wakachoka. Nilitoa vyungu viwili, vyote vimeinama upande. Vilipokauka kwa siku alizotaka yeye, alishuka nami mjini, miguu na matope yake, akakaa mbele ya tanuri nililolitengeneza tena. Hakuwa ameona umeme karibu hivyo maishani. Aliniambia niache kifuniko wazi kidogo na niweke moto wa chini. Kila mara alisogeza bapa la kisu kwenye upenyo. Kikipata ukungu wa maji yanayotoka kwenye udongo, anasema bado. Alisema bado mpaka mchana, ndipo nikapandisha moto, na vyungu vikatoka vizima. Wala hakuwahi kuliona lile daftari.

Siku ya harusi wakwe waliviangalia vile vyungu wakatazamana. Mmoja wao akauliza kwa adabu kama kweli hivi ni vya mama wa bibi harusi. Mama angeweza kuitikia tu. Akasema, “Vyangu mwanangu alivivunja. Hivi amefinyanga yeye.” Alisema hivyo akiwa amenishika mkono. Nililia mbele ya watu, wala sikujificha.

Alifariki kipupwe kilichofuata. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na ndivyo ilivyokuwa kwetu, maana vizuri vyake vyote alikwisha kuwapa watu. Leo ukiniambia nikuonyeshe chungu kimoja cha mama yangu, mwanangu, sina.

Kwa hiyo nakuusia. Ukipokea kitu kilichotoka mikononi mwa mwingine, pokea na habari zake, hata kama anayekupa humpendi. Na usiingize kazi ya mtu katika moto wako kabla hujamuuliza yeye mwenyewe. Mficha uchi hazai. Aibu ya kuuliza hudumu kitambo; mimi nina miaka mingi na ile ya kutouliza.

Mungu akujalie mikono yenye kazi na mdomo usioona haya. Mama yako yupo jikoni sasa hivi. Nenda kamuulize anachokijua, angali anaweza kukujibu.