Mzigo wa Kuni Chini ya Murembe

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, darasa la nne, nilipoanza kuiogopa shingo yangu mwenyewe. Chini ya taya, upande wa kushoto, palikuwa na kitu kama punje ya mahindi kilichoteleza nikikigusa. Hakikuuma hata kidogo. Siku hizi najua kwamba kutouma kwake ndiko kulikowatia hofu watu wazima, lakini wakati ule niliona ni bahati yangu kupata ugonjwa usio na maumivu.

Tuliishi nje kidogo ya Kitale, upande wa Endebess, katika shamba ambalo babu mzaa baba alilinunua alipohama kutoka Ukikuyuni. Mama yangu ni Mbukusu wa Kimilili. Mimi ni binti wa pili, na kwa desturi ya watu wa baba, binti wa pili huitwa jina la nyanya mzaa mama. Ndivyo ilivyotokea kwamba katika ukoo mzima wa akina Wanjiru na Wambui kukawa na Nekesa mmoja. Nyanya huyo tulimwita Kukhu, kama watoto wote wa kule wanavyowaita nyanya zao, na kwa ajili ya jina lile alinipenda mpaka dada yangu akawa ananuna waziwazi. Kila likizo nilikwenda kwake, na kila likizo nililala kitandani mwake.

Likizo ya Agosti mwaka ule, Kukhu aliishika shingo yangu, akaipapasa, akasema ni matumbwitumbwi na dawa yake anaijua. Dawa yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto anafunga vijiti vikavu kwa kamba ya mgomba, anajitwika mzigo huo kichwani kama anayetoka kuokota kuni, halafu anauzunguka mti wa murembe mara nne. Murembe ni mti wa miiba na maua mekundu, na watu wa kule hawauchomi kuni. Zamani wazee waliapia kwake kesi zikiwashinda. Ukishauzunguka unautupa mzigo pale chini, unauambia ugonjwa ubaki hapo, kisha unakimbia nyumbani bila kugeuka. Mzigo ule hauokotwi na mtu, kwa kuwa anayeuokota anaokota na ugonjwa. Watoto wa kijiji walilijua hilo vizuri sana. Hata waliotumwa kuni na kurudi mikono mitupu, wakaonja fimbo, hawakuthubutu kuvigusa vijiti vya murembe.

Kukhu alinipa masharti mawili asubuhi ile tulipomaliza chai.

"Ukiangalia nyuma, inarudi na wewe," aliniambia. "Na baba yako asijue. Yeye ni mtu wa kanisa."

Kukhu naye alikuwa mtu wa kanisa, tena wa kuvaa kitambaa cha akina mama kila Jumapili, lakini siku ile hilo hakulihesabu. Alinisindikiza mpaka karibu na mti, akabaki nyuma kidogo, mimi nikaenda na mzigo wangu. Nilizunguka mara nne. Nilitupa. Nilisema nilichoambiwa niseme, kwa sauti ndogo sana, nikatimua mbio.

Nilipofika pembe ya shamba la miwa niligeuka. Mpaka leo sijui nilitaka kuona nini. Labda nilitaka kuhakikisha kwamba ugonjwa haunifuati, na mtoto atahakikishaje asipoangalia? Nilichokiona ni Kukhu amesimama chini ya murembe. Aliinama, akauokota mzigo wangu wa vijiti, akaufunika kwa leso yake kifuani, kisha akashika njia ya kupitia mtoni.

Sikumuuliza. Ningemuulizaje bila kukiri kwamba nimegeuka? Jioni ile nilichungulia jikoni kwake kutafuta vile vijiti, sikuviona. Nilikuwa na hofu mbili kwa wakati mmoja. Ugonjwa ulikuwa umerudi nami kwa sababu niligeuka, au ulikuwa umebaki kwa Kukhu kwa sababu aliokota. Hapakuwa na jibu la tatu.

Shule zilipofunguliwa nilirudi Kitale na ile punje ilikuwa imekuwa saizi ya harage, kisha ikawa kubwa kupita harage. Dawa za zahanati nilimeza mara mbili na hazikuipunguza. Nilianza kukonda, na alfajiri nikiamka shuka langu limelowa jasho. Mama akawa na tabia ya kunishika shingo kila asubuhi kabla hata ya kunijibu salamu, halafu anageuka haraka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Mwishowe alinipeleka hospitali kubwa mjini.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, mwenye mikono baridi. Aliingiza sindano kwenye uvimbe, akavuta kitu kidogo, akasema kitapelekwa Eldoret kupimwa na majibu yatachukua wiki mbili. Mama alimuuliza kama inaweza kuwa ule ugonjwa. Hakuutaja jina, ila leo najua alimaanisha saratani. Daktari alimjibu kwamba inaweza kuwa vitu vingi na tusubiri kwanza. Tulipotoka, mama alinishika mkono kwa nguvu hata vidole vikaniuma, na sikumwambia aulegeze.

Wiki mbili zile ni ndefu kuliko miaka mingi niliyoishi baadaye. Baba, ambaye alikuwa mkali kwa vitu vya kununua dukani wakati jikoni kuna viazi vitamu, alianza kurudi na mandazi kila jioni na kunipa mimi wa kwanza. Dada yangu alifurahia mandazi. Mimi niliyatazama yale mandazi nikajua kwamba nakufa. Shuleni mwalimu wa Kiswahili aliandika methali ubaoni tutungie insha: mficha maradhi kifo humuumbua. Wenzangu waliinama wakaandika. Mimi nilihisi ameniandikia mimi, mbele ya darasa zima, na karatasi yangu nikaipeleka ikiwa na kichwa tu.

Lililokuwa gumu zaidi ni maombi. Kila jioni baba alituongoza kuomba majibu yawe mema, nasi tuitikie amina. Sikuweza kuitikia vizuri. Majibu yakiwa mema, basi ugonjwa uko kwa Kukhu, na Kukhu ni mzee, utammaliza. Yakiwa mabaya, Kukhu amepona na mimi nakwenda. Mtoto wa miaka kumi anapenda kuishi, nisidanganye. Kuna siku niliomba yawe mema, kisha nikalala nikilia kwa aibu kama niliyemwuza nyanya yangu. Siku nyingine niliomba yawe mabaya, kisha nikaogopa kwamba Mungu amesikia, nikaamka haraka kulifuta ombi. Mwishowe nilimwomba Mungu augawe ugonjwa nusu kwa nusu, kila mtu awe nao kidogo. Huo ndio ulikuwa uamuzi wa haki nilioweza kuufikiria.

Majibu yalipokuja, daktari alituketisha na kusema ni TB ya tezi. Mama alifunika uso kwa mikono yote miwili. Nilidhani ndiyo hukumu yenyewe, kumbe alikuwa analia kwa afueni. Ina dawa, daktari alisema, miezi sita bila kukosa siku hata moja, na mtoto atapona. Baada ya hapo akauliza swali ambalo hatukulitarajia: kuna mtu mzima karibu na mtoto ambaye anakohoa muda mrefu?

Nilimwona mama akianza kusema hapana, kisha akasita. Kukhu alikuwa akikohoa tangu mwaka uliotangulia. Sisi sote tulisema ni moshi wa jikoni, naye mwenyewe alisema ni moshi, na kijijini mzee anayekohoa si habari.

Baba alikwenda Kimilili akamleta. Alipimwa makohozi, na siku chache baadaye ikajulikana kwamba naye ana TB, ya mapafu, tena ya siku nyingi. Mungu alikuwa amegawa kweli, nusu kwa nusu, kama nilivyoomba.

Sikulala. Asubuhi nilimkuta Kukhu ameketi nyuma ya jikoni akiota jua, amejifunika leso, mdogo kuliko nilivyomzoea. Niliketi kando yake nikasema kabla ya kukosa ujasiri.

"Kukhu, mimi niliangalia nyuma. Nikakuona ukiokota zile kuni. Ndio maana umegonjeka. Ni yangu umechukua."

Niliona machozi yanamjaa, nikajua sasa atanikasirikia.

"Hapana, mama," akasema. "Daktari amesema ni mimi nilikupatia. Kila likizo unalala na mimi, nakukoholea usiku wote. Ni mimi, Nekesa."

"Sasa kwa nini uliokota?"

"Nilitaka ije kwangu. Mimi si nimeshaishi?"

Tulilia pale wawili, kila mmoja akimwomba mwenzake msamaha kwa kosa ambalo mwenzake hakutaka kulikubali. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatuona, akarudi ndani bila kuuliza.

Kukhu alikaa kwetu miezi ile sita yote. Kila asubuhi mama alitusimamisha na vikombe vya maji mpaka tuonyeshe midomo mitupu, na Kukhu, aliyewahi kuchanjwa chale bila kukunja uso, alilalamikia vile vidonge kuliko mimi. Uvimbe wangu ulipungua taratibu mpaka nikawa nautafuta kwa vidole bila kuupata. Kikohozi chake nacho kiliisha. Aliishi miaka mingi baadaye, akawaona watoto wa dada yangu, akafa kwa uzee tu.

Hata leo nikioga mkono wangu hupita chini ya taya bila kuutuma. Ninaamini alichosema daktari. Ugonjwa ulitoka kwa Kukhu kuja kwangu kwa njia ya pumzi, kitandani, muda mrefu kabla ya ule mti, na mzigo wa vijiti haukubeba kitu. Ningeweza kuishia hapo na kucheka mambo ya kale, kama baba alivyocheka alipokuja kuambiwa.

Lakini sicheki. Kukhu hakuyajua ya daktari asubuhi ile. Alichokijua, bila shaka hata chembe, ni kwamba anayeokota mzigo ule anaugua, na pengine anakufa. Alisubiri nifike mbali, akadhani simwoni, akainama akauokota.