Waya wa Samaki wa Floribert

Mume wangu Floribert ni sekretari wa chuo kikuu hapa Bukavu, na anafuga samaki wasioliwa. Wageni huuliza tutawakaanga lini. Ni kambare wadogo weusi wa Amerika ya Kusini, mdomo chini ya kichwa, wanaoshinda wamenyonya kioo cha tangi lao sebuleni. Niliyewacheka kuliko wote ni mimi, mpaka dume lao lilipoingia ndani ya kipande cha mwanzi na kulinda mayai, likiyapepea kwa mapezi mchana na usiku. Floribert alikuwa amengoja mayai hayo miaka miwili. Hata mimi nikaanza kunyata nikipita karibu.

Mayai yanataka maji yenye hewa, pampu inataka umeme, na umeme wetu mnaujua. Jirani yetu Constantin, parrain wa binti yetu tangu ubatizo, ana sola. Alitupitishia waya juu ya ukuta, wa pampu tu. Tulipoitwa kwenye mazishi Sange, siku mbili, Floribert alimwendea.

“Parrain, usitoe ile waya.”

“Muende na amani. Hata mimi nitakaa mu giza, samaki itapumua.”

Tuliporudi pampu ilikuwa kimya. Samaki wengine walikuwa wakielea, wamekufa, na dume lilikuwa limefia ndani ya mwanzi, juu ya mayai yaliyopauka. Constantin alifika kabla hatujavua viatu.

“Jua haikutoka, ndugu. Batterie ikaisha.”

Alikaa kwenye kiti cha Floribert, kichwa chini. Floribert ndiye aliyembembeleza, nami nikamchemshia chai.

Jumapili, baada ya misa, mke wake Martine alinisimulia akicheka jinsi ua wao ulivyojaa watu wa kutazama mpira siku ile tuliyokuwa Sange.

“Papa Constantin alitoa waya yenu kidogo, ju télévision isizime. Akasahau kurudisha.”

Alidhani tunajua. Niliionea uchungu chai yangu, kisha nikamchukia Constantin waziwazi, pale pale mlangoni mwa kanisa.

Floribert hakupiga kelele. Alimwita nyumbani, akamweleza alichosikia.

“Unisamehe,” akasema Constantin. “Lakini ni samaki tu, Floribert.”

“Ungeniambia siku ile, ningekusamehe kabla umalize kusema. Lakini ulikaa kwa kiti yangu, ukaacha mimi ndiye nikupe pole.”

Constantin akatazama mikono yake. Binti yetu alikuwa ametoka chumbani kumsalimia parrain wake. Floribert akamwambia arudi ndani bila kumsalimia.