Tonge la Mkono wa Kulia

Kaka yangu, seremala wa Laini Saba, alianguka kutoka juu ya paa akaumia ubongo, na mkono wake wa kulia ukalegea kabisa. Baadaye alikubaliwa katika majaribio ya hospitali moja. Madaktari walimpandikizia kichwani kifaa kidogo kinachohisi pale ubongo unapotaka kusogeza mkono, kisha kuuchochea mkono utii.

"Wakikuchaji, nichajie na simu yangu," jirani alimtania.

Kila Jumapili nilitoka Kawangware kwenda kula kwake, na mimi na mkewe tulimfinyangia matonge ya ugali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipojua, alitukataza. Alisema kifaa hufuata jitihada ya mgonjwa mwenyewe, na tukimlisha hakipati cha kufuata.

Jumapili iliyofuata tuliweka sahani mbele yake, tukatulia. Vidole vilijikunja polepole, vikakamata ugali, ukadondoka mezani. Mkewe akanyoosha mkono kumsaidia.

"Wacha, mama watoto. Huu mkono ni wangu."

Alijaribu tena. Safari hii tonge lilipatikana, baya na lenye pembe, lakini lilipita kwenye mboga ya sukuma likafika mdomoni. Mkewe aligeuka ukutani, akajifuta macho kwa leso. Nami nilijikuta nimeshika glasi tupu, sijui niiweke wapi.

Kaka alitafuna bila haraka, akameza, kisha akatukazia macho.

"Na nyinyi hamuli? Ama mnangoja niwalishe?"