Swali la Bi Somoe

Debora Nandonde, fundi mitambo, alikaa miezi minne Antaktika akitunza mashine za kutoboa barafu za watafiti. Aliporudi kwao Mitwero, alizoea kupita kwenye mashamba ya chumvi kuzungumza na wavunaji kuhusu barafu ya huko wakati wa mapumziko.

Siku moja Bi Somoe, mmoja wa wavunaji hao, alimkabili akiwa na jembe mkononi. Bahari ilikuwa imevunja tuta la kuzuia maji la shamba lake mara mbili mwaka huo.

"Umetumwa ututishe ili tuhame hapa, siyo? Barafu ya huko inanihusu nini mimi?"

Debora alitikisa kichwa.

"Sikutumwa, mama. Barafu ya nchi kavu ikiyeyuka, maji yake huingia baharini, na bahari hupanda hata huku."

"Kwa hiyo ndiyo iliyovunja tuta langu?"

Kusema ndiyo kungekuwa rahisi.

"Sijui, mama. Huenda ni upepo wa siku zile. Ninachojua ni kwamba bahari inapanda, polepole."

Bi Somoe aliketi kwenye tuta, jembe likiwa mapajani.

"Angalau hukunidanganya," alisema. "Kaa hapa. Hebu tuambie, huko mlikuwa mnalala wapi?"