Mstari wa Kumi na Nne

Juzi nilikuwa ofisi ya misheni hapa Mpanda, nasubiri fotokopi. Kwenye kompyuta walikuwepo mwenyekiti wa wafuga nyuki wa Magamba na mama mmoja mwanachama, wamekuja kuchapisha katiba ya kikundi.

"Nina mizinga sita msituni, halafu nasikia katiba imenitoa," mama alilalamika.

Fundi wa kompyuta akasema programu yake hutunza kila rasimu, na huonyesha nani aliagiza kila mstari. "Niambieni tu, niwaonyeshe kutoka mstari wa ngapi hadi wa ngapi?"

"Kumi hadi kumi na tatu," mwenyekiti akawahi.

Mama akainua kidole. "Mwanangu, fika kumi na nne."

Fundi akagonga vibonye. Mstari wa kumi na nne ulisema wanachama ni wanaume tu, na pembeni yake lilikaa jina la mwenyekiti. Mwenyekiti akavua kofia, akaitazama kama ndiyo iliyoandika.

"Ule wa zamani bado upo?" akauliza taratibu.

"Upo."

"Basi urudishe, kabla huyu mama hajaomba na wa kumi na tano."

Mama akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi mpaka leo natamani kuuona huo wa kumi na tano.