Fisi-Mtu wa Saa Kumi Jioni

Anayesema zile sinema za zamani za mtu kugeuka mbwa mwitu zinatisha, hajawahi kuziona mchana. Mimi nimeziona tano, zote saa kumi jioni, jua la Isiolo likipita kwa pazia letu kana kwamba hakuna pazia. Na nasema hivi nikiwa mtu anayeogopa karibu kila kitu. Naogopa kuitwa ubaoni. Naogopa duka likiwa na watu zaidi ya wawili. Mwalimu wa Kiingereza huniambia nisome kwa sauti, nasoma, halafu anauliza, "Umeanza?" na darasa zima linacheka. Lakini yule mnyama sikumwogopa hata dakika moja. Nilimwonea huruma, na pia aliyemshonea nguo.

Nilizipata kwa sababu ya uoga huo huo. Likizo ya Aprili ilipoanza nilipeleka flashi kwa duka la movie mjini. Kijana wa pale akauliza, "Sema siz, unataka gani?" Nyuma yangu kulikuwa na wasee watatu. Nikasema, "Zozote." Ukisema zozote unapewa zile ambazo hakuna mtu amewahi kuzitaka. Nilifika nyumbani na sinema tano kuukuu za Kimarekani, zilizotengenezwa kwa ajili ya runinga peke yake, yaani kwa pesa kidogo na haraka nyingi. Picha zenyewe zilikuwa za mraba, kama mtu anachungulia kupitia dirisha la choo.

Wiki hiyo hiyo baba alikuwa amemleta Akko kutoka kijiji cha Biliqo. Akko ni nyanya yetu, tunamwita hivyo kwa Kiborana, na Kiborana ndiyo lugha pekee anayokubali kuongea. Hapa nitamwandika kwa Kiswahili, ingawa matusi yake yanapoteza makali njiani. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. Alikuwa akimimina chai kando ya kikombe na kuilaumu meza. Mguuni alikuwa na kovu la moto, alikanyaga makaa akidhani ni ardhi. Madaktari wa macho wangekuja hospitali ya mjini mwisho wa mwezi, na baba alikuwa ameandikisha jina lake. Kazi ilikuwa kumkalisha Isiolo wiki tatu.

Kumkalisha Akko mahali ambapo hakuna mbuzi ni kazi ya serikali, si ya familia. Siku ya pili tu alianza. Mvua imenyesha kwao, mbuzi wanazaa, na msichana aliyeachiwa hajui kitoto kipi ni cha mama yupi. Lori lililoleta mifugo sokoni linarudi asubuhi ya Alhamisi, na yeye atakuwa juu yake.

"Mama, utapofuka kabisa," baba akasema.

"Nikipofuka, mbuzi wananijua."

Baba ana duka la dawa za mifugo. Anaweza kumshika fahali pembe amdunge sindano, lakini mbele ya mama yake huwa anakunjwa kama shuka. Alinitazama mimi, eti nisaidie. Mimi! Watu wote duniani!

Basi nikawasha tivii, kwa sababu tivii huniruhusu kunyamaza.

Haikuniruhusu. Akko alisikia kelele akauliza, "Nani analia hivyo?" Nikamwambia ni mtu anageuka mnyama. "Mnyama gani?" Hapo nikakwama. Mbwa mwitu wa huko Amerika hatuna, na wa kwetu ni wale wembamba wenye mabaka, hakuna mtu wa maana angetaka kugeuka huyo. Nikasema, "Warabesa." Fisi.

Akko akanyooka kitini. "Endelea."

Kwa hivyo nikaanza kumweleza. Mtu ameketi kitini. Mkono umeota nywele. Sasa mkono una nywele zaidi. Kila nywele zikiongezeka picha inaruka kidogo, na mto wa kiti unahama mahali, ila hilo nilimficha. Shati linapasuka, suruali haipasuki kamwe, huyo fisi ana adabu zake. Anatoka nje usiku, na usiku wenyewe ni mchana uliopakwa bluu, unaona hata kivuli cha mti. Mwezi ni mzima. Kesho yake bado ni mzima. Kijiji kile kilikuwa na mwezi mzima siku tano mfululizo, na hakuna aliyeshangaa.

"Mwezi mzima?" Akko aliuliza. "Fisi wa akili hutoka mwezi ukiwa umekufa. Huyu anatoka siku ambayo kila mtu anamwona! Na kondoo wako wapi?"

"Wako nje tu, Akko."

"Nje! Bila boma? Bila moto?" Alipiga goti lake. "Basi acha waliwe. Hao watu si wa kuhurumiwa."

Mama alipita na sufuria. "Astaghfirullah, zima hayo mashetani," akasema, kisha akakaa kwenye mkono wa kiti, kwa muda tu, akiwa na sufuria mapajani mpaka mwisho.

Halafu, fisi-mtu alipokuwa ameshika komeo la mlango wa mwanamke mmoja, skrini ikawa nyeusi tii.

"Stima imepotea," mama akasema. Akainuka kuangalia kama tokeni za stima zimeisha, akatoka nje akamuuliza jirani, jirani akasema kwake iko. Friji yetu ilikuwa inanguruma wakati huo wote. Mama aliporudi, mlango kwenye sinema ulikuwa umefunguliwa zamani na mwanamke ameshaokoka. Ilitokea tena baada ya dakika kumi, na tena. Ndipo nikaelewa: pale ndipo walipokuwa wakiweka matangazo ya sabuni na magari. Matangazo yalitolewa, shimo likabaki. Na walilichimba kila mara mahali pabaya kabisa, mkono komeoni, jino shingoni.

Nilimweleza Akko. Alilipenda shimo hilo kuliko sinema. Lilipofika alikuwa akisema, "Matangazo," kwa sauti ya mtu aliyekaa mbele ya runinga maisha yake yote, kisha anatabiri nani ataliwa. Hakuwahi kupatia, kwa sababu alitaka waliwe wote.

Jumatano, siku moja kabla ya lori, tulikuwa kwenye sinema ya pili. Fisi-mtu yuko juu ya paa, sherifu mnene, yaani polisi mkuu wa kijiji, yuko chini anawasha sigara, na mimi, kwa aibu yangu yote, nilikuwa nimesimama. Giza.

"Matangazo," akasema Akko.

Tukangoja. Tukangoja sana. Friji ilikuwa kimya. Safari hii stima ilikuwa imeenda kweli, mtaa mzima, na haikurudi mpaka kesho yake karibu saa sita.

Lori liliondoka asubuhi bila Akko. Alisema ni mguu. Mguu unauma, hauwezi kupanda lori. Saa sita na dakika tano ule mguu ulimleta kutoka chumbani mpaka sebuleni bila fimbo.

"Sherifu aliliwa?" akauliza.

Tangu siku hiyo nilijua la kufanya, na nilifanya bila haya, mimi mwenye haya. Kila jioni nilisimamisha sinema ndani ya giza. "Iliyobaki kesho, Akko." Alinitukana, akaitukana Amerika, akalala, akaamka bado yuko Isiolo. Lori la Alhamisi iliyofuata likaja likaenda.

Taabu ni kwamba zile sinema ni tano na ni moja. Mganga wa kike mwenye hereni, sherifu mnene, jamaa mpole ambaye anawaomba watu, jamani nifungieni ndani leo, na hakuna anayemsikia kwa sababu anaongea polepole. Huyo peke yake nilimpenda. Kisha anageuka fisi, ananguruma mara moja na kijiji kizima kinampisha njia. Nimewahi kujaribu kunguruma hivyo mbele ya kioo. Nilifanana na mtu anayetaka kupiga chafya.

Ya nne ilipoanza Akko akasema, "Sauti hii si ya yule sherifu tuliyemzika?" Akilini nikaona lori. Nikaona makaa na mguu wake. Nikaanza kusema uongo. Nilipunguza sauti ya tivii, watu wakaendelea kuchezesha midomo, na mimi nikamtia ndani ya sinema mwanamke ambaye hayupo, amejificha na mtoto wake kwenye pipa la unga, unga unamwingia puani na hathubutu kukohoa, na fisi-mtu amekaa juu ya kifuniko anajikuna. Akko alishika kiganja changu. Mama aliacha kukatakata kitunguu. Siku tano nilimweka yule mama ndani ya pipa.

Siku moja, ndani ya giza la matangazo, Akko aliniuliza kwa sauti ambayo sikuijua, "Huyo daktari. Atatumia kisu?"

"Kidogo sana, Akko. Na dawa ya ganzi."

"Kisimani nilishika mbuzi wa watu," akasema. "Nikagombana na mwenye mbuzi mbele ya kila mtu. Nilikuwa nimeshika mbuzi wa watu." Sinema ikarudi. "Endelea, yule mtoto asikohoe."

Siku ya daktari ilipofika alikataa kutoka kitandani. Baba alimsihi, akamtajia Mungu, akamtajia mbuzi. Hapana. Gari lilikuwa linangoja nje. Nilisimama mlangoni kama mtu aliyeitwa ubaoni.

"Basi, Akko," nikasema, "hutajua kama mama wa pipa alitoka."

"Mama yako ataniambia."

"Mimi sikuwa nasikiliza," mama akasema haraka, na wote mle chumbani tulijua huo ni uongo.

Akko aliketi kitandani. "Nyinyi ni watu wabaya," akasema, na akaomba viatu.

Walimfanyia upasuaji wa jicho la kulia. La kushoto wakasema atarudi baadaye. Kesho yake bandeji ikatolewa, na baba akamleta nyumbani akiwa na miwani myeusi kama tajiri wa ng'ombe. Aliivua mlangoni. Alitazama ukuta. Alitazama friji muda mrefu, nadhani alidhani ni kubwa zaidi. Kisha akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, na sikuwa na mahali pa kuangalia.

"Una pua ya baba yako," akasema. "Pole."

Akaketi mbele ya tivii. "Weka fisi."

Nilijaribu. Nikasema jicho lapaswa kupumzika, daktari amesema. "Weka." Nikaweka. Akko akasogeza kiti. Jamaa mpole akaota nywele, akaruka dirishani, akageuza mgongo, na pale mgongoni kulikuwa na zipu, ndefu, inang'aa. Mkononi alikuwa na saa.

"Huyu?" Akko akauliza.

"Ndio, Akko."

"Huyu ndiye aliyekula kijiji?" Aliinamia skrini. "Huyu amevaa zulia! Beberu wangu angempiga mpaka aombe maji. Na ule usiku uko wapi? Mbona kuna jua?" Alianza kucheka, kisha akaacha ghafla, akanigeukia na lile jicho lake jipya. "Mama wa pipa yuko wapi?"

Skrini ikawa nyeusi. Hakusema matangazo.

"Hayuko, Akko. Nilimtunga."

"Na mtoto?"

"Pia."

"Wiki nzima nimekaa kwenye joto la huu mji wenu kwa ajili ya mtu ambaye hayuko."

Baba alikuwa mlangoni. Niliangalia sakafu, mahali ninapopafahamu vizuri. Nilikuwa nimemkalisha Isiolo kwa uongo, sasa jicho moja lilikuwa limepona na lile lingine lilihitaji aniamini tena.

"Zima," akasema Akko.

Nikazima. Aliinuka, akakishika kiti chake, akakigeuza chote mpaka mgongo wake ukaitazama tivii na uso wake ukanitazama mimi, akaketi.

"Bado yuko ndani ya unga," akasema. "Tumemwacha humo tangu juzi. Mtoe. Na ongea kama mtu, usiongee kama panya. Wametengeneza jicho, sikio hawajaligusa."