Fundi Musafiri na Baiskeli Zinazochelewa

Wanafunzi wanaopanda baiskeli wanafika shuleni nyuma ya wenzao wanaotembea kwa miguu. Hapa Kasongo hakuna aliyejua sababu hadi juma lililopita, na fundi wa baiskeli hizo anaogopa kurudishwa kulima pamba ya lazima ya serikali.

Fundi huyo ni Musafiri, mzaliwa wa Lusangi. Asubuhi hii amechuchumaa kwenye baraza la shule ya walimu, anazungusha gurudumu na kulitegea sikio. Halilii. Breki zinashika, mnyororo umelowa mawese.

Mwaka huu wa 1957 Direkta, mkuu wa shule ambaye ni Mbelgiji, aliwakataza wanafunzi kudandia malori ya pamba baada ya mmoja wao kuanguka. Akawahimiza waje kwa miguu au kwa baiskeli, akawanunulia baiskeli wanaokaa mbali. Sasa anasema zikiendelea kuchelewa hadi Pasaka, ataziuza, na fundi ashike jembe.

"Aliniuliza shida iko wapi," Musafiri anasema. "Nikamuambia, Bwana Direkta, velo iko muzima. Akauliza, basi mutoto iko mugonjwa? Hata mimi nilikuwa nimepotea."

Wanafunzi wa miguu wanapita wakimcheka. "Fundi, uzisha hizo velo, utununulie viatu."

Juma lililopita alipanda baiskeli mwenyewe, akamfuata mwanafunzi Faradji kutoka mtaa wa Waislamu. Mbele ya bucha Faradji akashuka, akavua kofia, akamwamkia mzee mmoja. Hajakaa vizuri, akashuka tena kwa shangazi yake. Musafiri naye akashuka, maana anafahamiana na mume wa shangazi huyo.

Wa miguu huamkia huku anakwenda. Wa baiskeli hushuka, huuliza hali ya nyumbani, ndipo apande tena. Kumpita mtu mzima ukiwa umekaa juu ni kumtukana.

"Tunashuka tangu velo ziingie huku," Musafiri anasema. "Nani angefikiri kushuka ndiyo kuchelewa?"

Akamshauri Faradji: "Kesho usishuke. Sema shikamoo, kanyaga."

Kesho yake Faradji alifika wa kwanza. Direkta akampa fundi mkono, akamwambia kazi anayo.

Lakini njiani Faradji alikuwa amempita Bwana Assumani, baba wa mchumba wake Mwamvita. Jioni mzee akamwita Faradji pamoja na fundi wa baiskeli yake.

"Leo umenipita juu ya chuma," alimwambia kijana. "Kesho utapita juu ya mutoto wangu. Nani alikufundisha?"

Faradji akamtazama fundi.

Sasa Musafiri hajui ashike lipi. Wakishuka, anapoteza kazi; wasiposhuka, anapoteza wazee. Ana mpango wa kwenda msikitini Ijumaa, awangoje wazee mlangoni, awaombe wamruhusu mwanafunzi mwenye vitabu apite bila kushuka.

"Wakikataa, sijui," anasema.

Asubuhi ile moja ya kuwahi imegharimu mbuzi jike mmoja na kuku wawili wa kuomba radhi, wote wa Musafiri, pamoja na uchumba wa Faradji. Assumani alipokea mbuzi na kuku. Uchumba alikataa kuurudisha.